Nitajuaje kwa JavaScript kwamba sauti inacheza kweli? Sifa ya paused inanipa jibu ambalo masikio yanalikataa

#1 Mshumaa
Habari za leo, wakuu.

Ninatengeneza programu ya wavuti ya masomo ya sauti kwa wanafunzi wa sekondari wasioona. Kila somo ni faili moja la MP3, na lina kitufe kimoja kikubwa cha kucheza na kusitisha ambacho mwanafunzi anakifikia kwa kisoma skrini cha simu yake. Sisi tunaoona, tukibonyeza kitufe na sauti ikachelewa, tunakiona kale kaduara kanakozunguka na tunaelewa kwamba somo bado linapakiwa. Mwanafunzi asiyeona hana kaduara. Anachokijua ni kile alichosomewa, na anachosomewa ni maneno niliyoyaandika mimi kwenye kitufe. Nikiandika uongo, atasomewa uongo.

Msimbo wangu ni huu, unaouliza kila sekunde kama sauti haijasitishwa (paused):

setInterval(() => {
  if (!sauti.paused) {
    sekundeZilizosikilizwa++;
    kitufe.textContent = "Sitisha";
  }
}, 1000);

Ijumaa iliyopita mwalimu wao alinipigia simu. Kumbukumbu zangu zilikuwa zinaonyesha kwamba mwanafunzi mmoja amesikiliza somo la Historia kwa sekunde 412, na yule kijana alikuwa anaapa kwamba hajasikia hata neno moja. Tukapata simu tatu zenye tatizo hilohilo: Android mbili na iPhone moja. Zote tatu, paused ilikuwa false muda wote. Nimetafuta sifa inayoitwa playing au isPlaying nikaikosa. Je, ipo mahali ambapo sijatazama? Kama haipo, ninyi mnapima vipi?

#2 Kijiti
Mkuu, hujaikosa kwa uzembe, haipo. Kipengele cha sauti kina paused, ended, seeking, currentTime na readyState, lakini hakuna sifa moja inayosema kwamba sasa hivi sauti inatembea.

Sifa ya paused inaeleza kilichoagizwa, wala haielezi kinachotokea. Ukiita play() na ikakubaliwa, paused inageuka false papo hapo, hata kama hakuna hata baiti moja iliyofika kutoka kwenye seva. Ni kama dereva wa daladala aliyewasha injini huku konda akiita abiria: gari linanguruma, lakini ukiwa umesimama Mbezi unalisubiri, kwako wewe halijaondoka. Sikiliza tukio la playing, usitumie la play. La play linakuja pale agizo linapotolewa, na la playing linakuja pale uchezaji unapoweza kuanza au kuendelea baada ya kusubiri data.

#3 MamaKodi
Naunga mkono hoja ya Kijiti. Mimi niko Mombasa, na kwenye kazi zangu natumia sharti hili ambalo limezunguka sana miongoni mwa watengenezaji:

const inacheza = a =>
  a.currentTime > 0 && !a.paused && !a.ended && a.readyState > 2;

Limenifaa kwa miaka kadhaa bila malalamiko.

#4 Ngalawa
Dada MamaKodi, naomba nikusahihishe sehemu mbili, na ya tatu nikusifu.

Kwanza, currentTime > 0 inasema tu kwamba hatupo mwanzoni kabisa mwa faili. Mtu akirudisha somo mwanzo, kwa kitambo kifupi sharti lako litasema halichezi ilhali linacheza. Na likikwama dakika ya saba, sehemu hiyo itaendelea kusema kweli bila kukusaidia chochote. Pili, a.ended karibu haina kazi hapo, kwa sababu faili likifika mwisho kivinjari chenyewe kinageuza paused kuwa true.

Sifa zangu ziende kwenye readyState > 2. Hiyo ndiyo roho ya sharti zima. Namba zake zinaanzia 0, pale ambapo hakuna chochote kilichofika. 1 ni taarifa za faili kama urefu wake. 2 ni data ya sekunde hii tu. 3 ni data inayotosha kusogea mbele kidogo. Na 4 ni pale kivinjari kinapokadiria kwamba kinaweza kucheza hadi mwisho bila kusimama. Data ikikatika njiani, namba inashuka hadi 2 na tukio la waiting linatokea, huku paused ikibaki false vilevile. Ndugu Mshumaa angeweka sharti hilo peke yake, nadhani sehemu kubwa ya zile sekunde 412 isingehesabiwa.

#5 Msomaji_Kimya
Samahani, Ngalawa, hapo kwenye mwisho wa faili sijakubali. Kwangu sauti ikiisha kitufe kinabaki kimeandikwa "Sitisha", kwa hiyo paused haigeuki.

#6 Ngalawa
Inageuka, na mpangilio wake umeandikwa kwenye kanuni za HTML: faili likifika mwisho linatokea tukio la timeupdate, kisha paused inakuwa true na tukio la pause linatokea, halafu ndipo linapokuja la ended. Ndiyo maana ukisikiliza pause tu, hutatofautisha mtu aliyesitisha na somo lililokwisha, hadi uiulize a.ended ndani ya fanksheni hiyohiyo. Angalia kama umeweka loop kwenye tagi yako. Ukiiweka, sauti inarudi mwanzo na ended haitokei kamwe, na kitufe chako kitabaki na "Sitisha" kwa haki kabisa, kwa kuwa bado kinacheza.

#7 Msomaji_Kimya
Loop ilikuwepo. Ahsante sana.

#8 Tumbawe
Mmeizunguka mada bila kuigusa. Tatizo la Mshumaa ni kwamba anaita play() halafu hasubiri jibu lake. Tangu Chrome 50 ya mwaka 2016, play() inarudisha ahadi (promise, yaani jibu linalokuja baadaye la kufaulu au kushindwa), na ahadi hiyo inaweza kukataliwa kwa sababu tofauti. NotAllowedError ni kivinjari kugoma kutoa sauti bila ruhusa ya mtumiaji; Chrome ilianza kulikazia hilo toleo la 66, Aprili 2018, na Firefox ikafuata mwaka 2019 katika toleo lake la 66. AbortError ni pale unapoita pause() kabla ya ahadi kutimia. NotSupportedError ni faili lisilochezeka.

Ninaweka dau kwa NotAllowedError. Bila shaka Mshumaa anasubiri jibu la seva kwanza, labda kuthibitisha usajili wa mwanafunzi, halafu ndipo anapoita play(). Safari inataka play() iitwe ndani ya mbonyezo wenyewe. Ukichelewa kwa kusubiri mtandao, mbonyezo unahesabiwa kuwa umepita.

#9 MamaKodi
Tumbawe, maelezo yako kuhusu ahadi ni sahihi na nayachukua, lakini mshukiwa wako hana hatia. Kivinjari kikikataa kwa NotAllowedError, kinakataa kabla ya kuigusa paused, kwa hiyo inabaki true. Mshumaa amesema kwamba kwenye simu zote tatu ilikuwa false. Kama ingekuwa ni ruhusa, zile sekunde zisingehesabiwa hata moja.

NotSupportedError ndiyo inayonitia wasiwasi. Faili likishindwa kupakiwa baada ya play() kuitwa, ahadi inakataliwa na tukio la error linatokea, ila paused hairudishwi kuwa true. Inabaki false, na msimbo wa Mshumaa unaendelea kuhesabu kimya hadi mwanafunzi achoke. Nilikiona kitu hichohicho mwaka jana kwenye tovuti ya tenzi zilizorekodiwa na wazee wa Lamu: jina la faili moja lilikuwa na nafasi mwishoni, seva ikajibu kwamba faili halipo, na kitufe kikasimama kwenye "Sitisha" kana kwamba bibi anasoma.

Naondoa pia ile currentTime > 0 yangu. Ngalawa ana haki.

#10 Tumbawe
Nimekubali kuhusu paused. Hoja ya kutosubiri jibu la ahadi bado nimeishikilia.

#11 Jabali_la_Kale
Salamu kwenu, vijana. Mimi nilianza kuweka sauti kwenye kurasa enzi za Flash, ambapo kila mtu alikuwa na mbinu yake na hakuna aliyekuwa na uhakika, kwa hiyo hizi readyState mnazozilalamikia mimi naziona ni neema.

Kwa iPhone ningeanzia kwenye seva. Safari haichukui faili la sauti zima kwa mkupuo. Inaomba vipande, na mara nyingi inaanza kwa kuomba baiti mbili za kwanza tu ili ijue kama seva inaelewa maombi ya namna hiyo. Seva ikijibu kwa namba 206 na kipande kilichoombwa, mambo yanaendelea. Ikijibu 200 na kumwaga faili lote, Safari inaweza kukataa kulicheza kabisa, wakati Chrome ya Android inalicheza bila kinyongo. Mshumaa, je, umeweka ile hati inayokaa kati ya ukurasa na mtandao ili masomo yapatikane bila intaneti? Watu wengi wanaiandika irudishe faili zima lililohifadhiwa bila kujali kwamba kivinjari kiliomba kipande. Ikiwa ndivyo, utakuwa umeungana na maelezo ya MamaKodi: faili linashindwa, paused inabaki false.

#12 Mshumaa
Shikamoo, mzee Jabali. Ndiyo, ipo, na inarudisha faili zima. Masomo lazima yasikike bila bando, kwa sababu wanafunzi wengi wanapakua shuleni na kusikiliza nyumbani.

Tumbawe, ahadi ya play() sikuwa naisubiri wala kuikamata. Nimeona aibu kidogo kuandika hivyo hapa, ila ndiyo hali halisi. Leo nimeongeza .catch na kisikilizi cha error, na kila kosa linaandikwa kwenye batli (kumbukumbu za programu) pamoja na error.code, yaani namba ya kosa.

#13 Mwana_Kivu
Ndugu zangu, mimi niko Goma na ninashughulikia matangazo ya mubashara ya redio ya jamii, ambako mtandao ukikatika ni jambo la kila saa. Nina tahadhari moja kwa atakayesoma uzi huu: msichanganye stalled na waiting. Nilianza kwa kuonyesha "Matangazo yamekwama" kila stalled inapotokea, na wasikilizaji wakaniandikia kwamba maneno hayo yanatokea huku mtangazaji anaendelea kuzungumza. Stalled inamaanisha kwamba kivinjari kinajaribu kuvuta data na kwa takriban sekunde tatu hakijapata kitu. Kama kwenye bafa, yaani data iliyokwisha kupakuliwa ikisubiri kuchezwa, kuna akiba ya sekunde ishirini, msikilizaji hatambui lolote. Waiting ndiyo inayosema kwamba akiba imekwisha na sauti imesimama.

Kwa matangazo ya mubashara pia duration ni Infinity, kwa hiyo asilimia za maendeleo hazina maana. Na mtu akisitisha dakika kumi kisha akabonyeza tena, anaweza kuendelea kusikia ya zamani yaliyobaki kwenye bafa akidhani ni ya sasa. Mimi nalazimika kuiweka upya src, yaani anwani ya sauti, ndipo apate yanayosemwa muda huo.

#14 Kijiti
Mwana_Kivu ametoa jambo kubwa. Mimi nimefika mahali siamini tukio lolote peke yake, ninapima mapigo. Kila sekunde nalinganisha currentTime ya sasa na ya sekunde iliyopita. Ikisogea, inacheza. Isiposogea, haichezi, hata kama matukio yote yanasema vinginevyo.

#15 Ngalawa
Mapigo ni njia nzuri mradi ujue yanapolegea. Skrini ikizimwa au kichupo kikifichwa, vivinjari vinapunguza kasi ya setInterval. Ukurasa unaotoa sauti unasamehewa, na hapo ndipo penye mtego: sauti ikikwama, msamaha unaondoka, na kipimo chako kinalegea wakati uleule unapokihitaji. Tangu Chrome 88 ya Januari 2021, ukurasa uliofichwa zaidi ya dakika tano na uliokaa kimya angalau sekunde 30 unaweza kushushwa hadi pigo moja kwa dakika. Kwa hiyo usihesabu mapigo kama sekunde. Soma tofauti ya currentTime yenyewe. Ukitaka kipimo kinachotoka kwa kivinjari, tukio la timeupdate linatokea kati ya mara 4 na mara 66 kwa sekunde muda wote uchezaji unapoendelea.

Kwa kazi ya Mshumaa ya kujua mwanafunzi amesikiliza kiasi gani, wala hahitaji saa ya kwake. Sifa ya played inatunza vipande vilivyochezwa:

let jumla = 0;
for (let i = 0; i < a.played.length; i++) {
  jumla += a.played.end(i) - a.played.start(i);
}

Mwanafunzi akiruka kutoka dakika ya pili hadi ya tisa, hizo saba hazihesabiwi. Kasoro yake ni kwamba akirudia kipande mara tatu kinahesabiwa mara moja, na ukurasa ukifunguliwa upya kumbukumbu inaanza sifuri, kwa hiyo itume kwenye seva mara kwa mara.

#16 Chapa_Kazi
Kwa nini mnajitesa? Maktaba ya howler.js ina playing(), inarudisha kweli au uongo, kazi imekwisha.

#17 Kijiti
Chapa_Kazi, umekuja na jina lako kweli! Ila playing() ya howler inajibu kutokana na kumbukumbu ambayo maktaba yenyewe inaitunza kuhusu alichoagiza mtumiaji. Tunarudi palepale kwenye dereva aliyewasha injini. Maktaba ni nzuri kwa mengine. Kwa swali la uzi huu, imelihamisha tu.

#18 Mshumaa
Wakuu, kuna jambo nililiacha kwenye swali langu la kwanza nikidhani halihusiani. Baadhi ya rekodi zina sauti ndogo sana, kwa sababu walimu walirekodi darasani kwa simu. Sifa ya volume haipandi zaidi ya 1, kwa hiyo niliielekeza sauti kwenye AudioContext, mtambo wa kivinjari wa kuchakata sauti, kwa createMediaElementSource, ikapitia GainNode (kikuza sauti) yenye thamani 2, ndipo iende spikani. AudioContext naiunda ukurasa unapofunguka. Na tangu mwezi uliopita masomo mapya yanakaa kwenye anwani nyingine, tofauti na ya programu.

#19 Tumbawe
Mshumaa, hapo umefungua mlango mwingine kabisa!

Ukishaipitisha sauti kwenye AudioContext, haitoki tena moja kwa moja. Na kama faili linatoka anwani nyingine ambayo seva yake haijatoa ruhusa kwa kichwa cha Access-Control-Allow-Origin, na tagi yako haina crossorigin="anonymous", kivinjari kinacheza faili, currentTime inasogea, paused ni false, readyState ni 4, hakuna kosa, na kinachotoka ni ukimya mtupu. Chrome inaandika onyo kwenye konsoli, lakini nani anasoma konsoli ya simu ya mwanafunzi? Mapigo ya Kijiti yangeapa kwamba kila kitu ni salama. Nasema kosa ni hilo.

#20 Ngalawa
Kama ni hilo, mbona wanafunzi wengine wanasikia? Kizuizi hicho hakichagui simu. Mimi namshuku AudioContext mwenyewe. Chrome, tangu toleo la 71 la Desemba 2018, inaiweka AudioContext katika hali ya suspended (imesimamishwa) ikiundwa kabla ya mtumiaji kugusa ukurasa, na kwa sauti inayotoka kwenye kipengele ni lazima wewe mwenyewe uite resume() ndani ya mbonyezo. Swali langu ni moja: je, kuna wanafunzi walioiweka programu kwenye skrini ya mwanzo ya simu, na wengine wanaoifungua kwa kiungo tu? Chrome ya simu inairuhusu sauti ya programu iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo bila kusubiri mguso. Tofauti kati ya simu na simu inaweza kuwa hiyo.

#21 Tumbawe
Na je, kuna wanafunzi wanaosikiliza masomo ya zamani, yaliyobaki kwenye anwani ya programu, na wengine masomo mapya? Kizuizi hakichagui simu, lakini kinachagua somo. Somo la Historia liko wapi?

#22 MamaKodi
Kwa iPhone ongezeni hili. Ile swichi ya pembeni inayonyamazisha mlio wa simu inaweza kuizima sauti inayopitia AudioContext, wakati sauti ya tagi ya kawaida inaendelea kusikika. Na simu ikipigwa, Safari inaweza kuiweka AudioContext katika hali iitwayo interrupted, ambayo wengi hatuiandikii msimbo. Mtu anayepima suspended na running peke yake, hiyo ya tatu itampita.

Kwa kuwa AudioContext ipo tayari, Mshumaa anaweza kuweka AnalyserNode na kupima mawimbi yenyewe kwa getByteTimeDomainData. Ukimya kamili ni 128 mfululizo. Ikibaki 128 kwa sekunde kumi ilhali currentTime inasogea, kuna kitu kimezibwa.

#23 Kijiti
Sekunde kumi ni nyingi au chache kutegemea mwalimu, dada. Wapo wanaouliza swali kwenye rekodi na kusubiri mwanafunzi afikirie. Hata hivyo rekodi za darasani huwa na mvumo wa chumba, kwa hiyo 128 tupu mfululizo ni nadra. Nakubali kipimo hicho kwa rekodi za Mshumaa, sikikubali kwa kila rekodi. Na hata mawimbi yakionekana, JavaScript haijui vitufe vya sauti vya simu vimeshushwa hadi wapi, wala kama spika imekufa.

#24 Nuru_ya_Vidole
Nimesoma uzi wote kuanzia mwanzo kwa kisoma skrini, nami ni mtengenezaji wa programu nisiyeona. Naomba nizungumze kutoka upande wa anayebonyeza.

Nikibonyeza kitufe na kusomewa "Sitisha", naelewa kwamba sauti imeanza. Nisiposikia kitu, jambo la kwanza ninalolishuku si mtandao, najishuku mwenyewe. Napandisha sauti, nachomoa vipokea sauti, nabonyeza tena nikidhani sikubonyeza vizuri, na ule mbonyezo wa pili ndio unaositisha kile kilichokuwa kinakaribia kuanza. Hapo ndipo inapozaliwa ile AbortError aliyoitaja Tumbawe. Yule kijana wa somo la Historia huenda alibonyeza mara nyingi kuliko kumbukumbu zinavyoonyesha.

Kwa hiyo kitufe kihitaji hali tatu, si mbili: "Cheza", "Inapakia" na "Sitisha". Kigeuke "Sitisha" pale tu tukio la playing linapotokea. "Inapakia" isitangazwe papo hapo kwa aria-live (alama inayokifanya kisoma skrini kisome mabadiliko), maana kwenye mtandao mzuri nitasomewa neno hilo juu ya sauti ya mwalimu na kupoteza sentensi yake ya kwanza. Subiri sekunde mbili hivi, na kama bado haijaanza ndipo unitangazie. Pia chagua njia moja: ama ubadilishe maneno ya kitufe, ama utumie aria-pressed (alama ya kwamba kitufe kimebonyezwa) na maneno yabaki yaleyale. Ukifanya yote mawili nasomewa "Sitisha, kimebonyezwa", nami nabaki nikijiuliza kama nimeshasitisha au bado.

Na likitokea kosa, niambie kwa maneno: "Somo halikufunguka." Ukimya ndio unaoumiza.

#25 Mshumaa
Nuru, nimeyasoma maneno yako mara mbili na nimeshabadilisha kitufe. Ahsante.

Simu zote tatu zililetwa kwangu jana, nikakaa nazo na batli mpya. Matokeo ni haya.

iPhone: error.code ni 4, paused ni false, ahadi imekataliwa kwa NotSupportedError. Nilipoizima ile hati ya kuhifadhi masomo, somo likacheza. Mzee Jabali na MamaKodi, mlipatia wote wawili. Sasa naiandika upya ijibu vipande kwa 206.

Android ya kwanza: AudioContext ilikuwa suspended. Mwenye simu anaifungua programu kwa kiungo alichotumiwa na mwenzake. Rafiki zake wanaosikia wameiweka kwenye skrini ya mwanzo. Nilipoita resume() ndani ya mbonyezo, mwalimu akaanza kuzungumza.

Android ya pili, ambayo ndiyo ya sekunde 412, bado inanitesa. AudioContext ni running, readyState ni 4, error ni null, currentTime inasogea vizuri. Haisikiki.

#26 Tumbawe
Running, 4, hakuna kosa, saa inatembea: hiyo ni picha kamili ya nilichoeleza kwenye #19. Somo la Historia liko anwani ipi?

#27 Mshumaa
Liko kwenye anwani mpya. Ila simu yangu mwenyewe inalicheza somo hilohilo na nalisikia.

#28 Ngalawa
Simu yako inalivuta kutoka kwenye seva, au inalo lililohifadhiwa tangu lilipokuwa kwenye anwani ya zamani?

#29 Kijiti
Kabla hamjafika mbali, je, kuna kifaa cha Bluetooth kilichowahi kuunganishwa na simu hiyo? Mara mbili nimekutana na sauti iliyokuwa ikitoka kwenye spika ya chumba cha pili huku mwenye simu anaishangaa.

#30 MamaKodi
Kisoma skrini chenyewe kinasikika kwenye simu hiyo? Kama kinasikika, spika ni nzima, na Bluetooth ya Kijiti inaingia mashakani.

#31 Mshumaa
Kinasikika vizuri kabisa, kwenye spika ya simu yenyewe. Ngalawa, kwa hakika sijui simu yangu inalitoa wapi. Nitafuta kila kilichohifadhiwa nijaribu tena. Simu ya kijana itakuwa mezani kwangu hadi Jumatatu, kisha lazima irudi, kwa sababu ana mtihani na masomo mengine anayasikiliza humohumo.

#32 Nuru_ya_Vidole
Basi kabla ya kufuta chochote, weka AnalyserNode ya MamaKodi kwenye simu ya kijana na utuletee namba zake hapa. Zikiwa 128 tupu, tutakuwa upande wa Tumbawe. Zikicheza, tutarudi kwenye simu yenyewe.